UZI: Hermann Kemper, mhandisi wa Nortrup aliyeitumikia treni isiyogusa reli zaidi ya miaka 50

Fundi_Koili (#1)

Wakuu habari za jioni.

Kila ikipita humu video ya ile treni ya Shanghai inayokwenda bila magurudumu, maoni huwa yaleyale: Wachina wamefika mbali, Wajapani ni moto wa kuotea mbali. Sibishi. Ila mtu aliyeifanya treni ya namna ile iwezekane alikuwa Mjerumani anayeitwa Hermann Kemper, na jina lake halitajwi kabisa. Mimi ni fundi wa kusuka mota, koili (waya uliosukwa mizunguko) ndizo zinazonilisha, na habari za huyu mzee nimekuwa nikizifuatilia kwa muda mrefu. Leo nimeona niziweke hapa zote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aniwie radhi.

Kemper alizaliwa tarehe 5 Aprili 1892 Nortrup, kijiji kimoja kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, upande wa Osnabrück. Alisomea uhandisi wa umeme. Mwaka 1922, akiwa na miaka 30, akaanza kulifanyia kazi jambo moja ambalo hakuliacha tena hadi uzeeni. Treni hubebwa na gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma. Mwendo ukiongezeka, gurudumu na reli vinapigana: vinatetemeka, vinapiga kelele, vinakwanguana, na kila baada ya muda lazima vichongwe au vibadilishwe. Je, behewa haliwezi kubebwa na sumaku, gurudumu likaondoka kabisa?

Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria sumaku mbili zinazosukumana. Chukua sumaku mbili za spika mbovu ujaribu kuifanya moja ielee hewani juu ya nyingine. Itateleza pembeni, au itapinduka na kunasa. Sio kwamba mkono wako haujatulia. Mwaka 1842 Mwingereza Samuel Earnshaw alionyesha kwa hesabu kwamba sumaku za kawaida zilizopangwa tu, bila kitu kingine cha kuzisimamia, haziwezi kukishika kitu hewani kikatulia. Utazipanga upendavyo, kuna upande mmoja kitatorokea.

Kemper hakwenda na kusukumana, alikwenda na kuvutana. Behewa lake linaikumbatia njia: pembeni lina mikono inayoshuka na kupita chini ya reli, na kwenye mikono hiyo kuna sumaku za umeme zinazoitazama reli kutokea chini. Ukiwasha umeme, sumaku inajivuta kwenda juu kuifuata reli, na kwa kujivuta huko inanyanyua behewa zima. Kwa hiyo treni ile haikukalia sumaku kwa juu. Inaning'inia.

Sasa hapa ndipo palipo na ugumu wenyewe. Mvuto wa sumaku hauongezeki polepole. Mwanya kati ya sumaku na reli ukipungua nusu, mvuto unakuwa mara nne. Behewa likipanda kidogo tu, linavutwa kwa nguvu zaidi, linapanda zaidi, mpaka sumaku inapiga kwenye reli na kunasa. Likishuka kidogo, mvuto unapungua, linadondoka. Ni kama kuisimamisha fimbo kwenye kiganja: fimbo haisimami yenyewe, ni mkono unaoifuata kila inapotaka kuanguka. Kwa Kemper, mkono ulikuwa ni mkondo wa umeme. Aliweka kifaa cha kupima mwanya muda wote. Mwanya ukipungua, mkondo kwenye koili unapunguzwa. Ukiongezeka, mkondo unaongezwa, na hayo yote yanafanyika kabla behewa halijasogea kiasi cha jicho kuona. Na wakati ule transista haikuwepo duniani. Kazi hiyo aliifanya kwa valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za mababu.

Hataza yake (hati ya kulinda uvumbuzi), namba 643316 ya Ujerumani, ina tarehe 14 Agosti 1934. Ni ya chombo kisicho na magurudumu kinachoelea kwa nguvu ya sumaku kwenye reli za chuma.

Hakuishia kwenye karatasi. Aprili 1938 alichapisha matokeo yake kwenye ETZ, jarida la wahandisi wa umeme wa Ujerumani. Nazipenda sana zile takwimu kwa sababu ni za mtu aliyeshika koili kwa mikono yake. Uso wa nguzo ya sumaku ulikuwa sentimita 30 kwa 15. Mwanya, milimita 15. Uzito ulionyanyuliwa, kilo 210. Umeme uliotumika, wati 270. Msongamano wa sumaku, tesla 0.25 (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku). Mafundi wenzangu mnajua chuma cha mota ya kawaida kinafanya kazi zaidi ya tesla moja, kwa hiyo mzee alikuwa anakitumia chuma chake kwa sehemu ndogo tu ya uwezo, na bado kila kilo ilimgharimu wati moja na nukta. Mtu akisema kuelea kwa sumaku kunakula umeme mwingi, mwambie asome namba hizo za 1938.

Halafu ikaja vita kuu ya pili, na kazi ikasimama.

Nikipumzika kidogo nitaweka sehemu ya pili.

Mama_Salma (#2)

Fundi ubarikiwe, umeeleza mpaka mimi niliyekimbia fizikia kidato cha pili nimeelewa. Swali langu: treni inaning'inia kwa umeme, sasa umeme ukikatika katikati ya safari si inaporomoka na watu wote?

Sharif_Kibokoni (#3)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Natoa salamu kutoka Mombasa. Bwana Fundi, maelezo ni mazuri, lakini nina mashaka na hilo la kumfanya Kemper ndiye mwanzo. Nilivyosoma mimi, wavumbuzi ni Wamarekani wawili, Powell na Danby. Na kuna Mfaransa kabla ya hao wote. Hebu tuwekee sawa.

Fundi_Koili (#4)

Mama Salma, shikamoo. Haiporomoki. Treni za mfumo huu zinabeba betri zake. Zikikimbia, kuna koili ndogo zimewekwa kwenye zile sumaku za kubebea, zinazalisha umeme kutokana na mwendo wenyewe na kuzichaji betri. Umeme wa njia ukikatika, betri zinaendelea kulishikilia behewa hewani huku breki za sumaku zikilipunguza mwendo. Mwendo ukishakuwa mdogo, behewa linatua juu ya njia kwa vyuma vya kuteleza vilivyo chini yake na kusimama. Pia sumaku haziko moja wala mbili, ni nyingi zilizopangwa urefu wote wa behewa, kila moja na kipimo chake cha mwanya. Moja ikifa, jirani zake zinaubeba mzigo.

Sharif, wa aleikum salaam. Swali lako ni la msingi na nilitegemea lingekuja. Mfaransa unayemsema ni Émile Bachelet, aliyehamia Marekani. Alipata hataza mwaka 1912, na mwaka 1914 akapeleka mfano wake London. Kijigari cha alumini kilinyanyuka juu ya mstari wa koili zenye umeme wa mkondo geu na kuchomoka mbele. Winston Churchill, wakati huo mkuu wa wizara ya jeshi la wanamaji, alikwenda kukiona. Ilikuwa ni kusukumana kwa kweli, kwa sababu mkondo geu unaamsha mkondo mwingine ndani ya alumini na hiyo mikondo miwili inakataana. Ubaya wake koili zililazimika kutapakaa njia nzima na zilikula umeme mwingi mno zikipata moto, hata kukinyanyua kile kijigari kidogo. Agosti mwaka huohuo Uingereza ikaingia vita kuu ya kwanza, na mambo yakaishia hapo. Bachelet namheshimu, alitangulia. Ila njia yake haikumfikisha abiria popote.

Powell na Danby ni watu wazito pia. James Powell na Gordon Danby walikuwa wanasayansi wa maabara ya Brookhaven, jimbo la New York. Powell mwenyewe alisimulia kuwa wazo lilimjia mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa kwenye foleni ya magari kwenye daraja la Throgs Neck. Mwaka 1966 wakatoa andiko lao na baadaye kidogo wakapata hataza. Wao walitumia sumaku zenye waya uliopozwa kwa heliamu ya kimiminika mpaka karibu nyuzi 269 chini ya sifuri; kwa baridi hiyo waya haupingi umeme hata kidogo. Sumaku ya namna hiyo ikipita kasi mbele ya koili zilizo kwenye njia, inaamsha mkondo ndani ya koili hizo, na mkondo huo unalibeba behewa na kulirudisha katikati kila linapotaka kuhama. Huo ndio ukoo wa treni ya Wajapani. Uzuri wake mwanya ni sentimita 10 hivi badala ya milimita, na haihitaji mtu wa kuupima mwanya. Ila bila mwendo hakuna kuelea, ndiyo maana treni ya Japani ina magurudumu na inayatumia mpaka inapofika karibu kilomita 150 kwa saa.

Kwa hiyo ni koo mbili. Moja inaning'inia kwa kuvutwa na inaelea hata ikiwa imesimama kituoni. Hiyo ni ya Kemper. Nyingine ni ya Powell na Danby. Shanghai ni ukoo wa Kemper.

Sharif_Kibokoni (#5)

Hapo umenipa haki yangu. Nimekubali. Endelea na sehemu ya pili.

Fundi_Koili (#6)

SEHEMU YA PILI

Baada ya vita Ujerumani ilikuwa na kazi ya kujenga nyumba, madaraja na reli zilizopigwa mabomu. Nani angemsikiliza mtu wa treni zinazoelea? Kemper akazeeka na hataza yake. Lakini katika miaka hiyo kuna kitu kilikuwa kinakua ambacho hakukibuni yeye: transista, kisha vifaa vya kuwasha na kuzima mikondo mikubwa ya umeme kwa haraka. Kifaa cha kumdhibiti mnyama wake kilikuwa kinapungua ukubwa na bei mwaka hadi mwaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mambo yakabadilika. Wajapani walikuwa wameanzisha Shinkansen, treni yao ya kasi ya magurudumu, mwaka 1964, na Ulaya ikaanza kujiuliza yenyewe iko wapi. Mwaka 1969 wizara ya uchukuzi ya Ujerumani Magharibi, chini ya Georg Leber, iliagiza utafiti juu ya usafiri wa kasi wa ardhini, na kampuni ya Ludwig Bölkow, mjenzi wa ndege, ikawa ndani ya kazi hiyo. Kemper, ambaye sasa alikuwa amevuka miaka 75, akakutana na watu wenye karakana, fedha na vijana.

Mei 1971, huko Ottobrunn karibu na Munich, gari la majaribio la MBB, kampuni hiyo ya Bölkow, likaelea na watu ndani, kwenye njia ya mita 660. Toka alipoanza kuwaza ilikuwa karibu nusu karne. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Krauss-Maffei ikatoa gari lake, Transrapid 02 (jina Transrapid ndilo lililokuja kuwa la mfumo mzima), likafika kilomita 164 kwa saa. Mwaka 1976 gari lisilo na mtu ndani, likiitwa Komet, lilisukumwa kwa roketi za maji ya moto kule Manching likapita kilomita 400 kwa saa huku limeshikiliwa na sumaku zinazovuta. Lililokuwa likibishaniwa, kama mwanya wa milimita chache unaweza kutunzwa kwenye mwendo wa namna hiyo, likapata jibu.

Msifikiri ilikuwa mteremko. Kampuni za umeme za Siemens, AEG na BBC (Brown Boveri, sio ile ya redio) walikuwa mji wa Erlangen wakijaribu ule mfumo mwingine wa sumaku zilizopozwa, na walikuwa na hoja zao. Mwaka 1977 serikali ikaamua: tunakwenda na mfumo wa kuvutana. Kemper alifariki tarehe 13 Julai mwaka huohuo, kijijini kwake Nortrup, akiwa na miaka 85.

Miaka miwili tu baadaye, kwenye maonyesho ya usafirishaji ya Hamburg ya 1979, Transrapid 05 ikawa treni ya kwanza ya sumaku duniani kupewa kibali cha kubeba abiria. Njia ilikuwa mita 908, mwendo kilomita 75 kwa saa, na watu wapatao 50,000 wakapanda katika muda wa maonyesho. Naumia kila nikifika hapa, maana mzee alistahili kukaa kiti cha kwanza.

Baada ya Hamburg wakajenga uwanja wa majaribio Emsland, kati ya Lathen na Dörpen, njia ya kilomita 31.5 yenye mizunguko kila mwisho, katika jimbo lilelile alilozaliwa Kemper. Huko treni ilifika kilomita 450 kwa saa mwaka 1993.

Kitu kimoja cha kifundi nisikiruke. Mota ya treni hii haipo ndani ya treni. Chukua stata ya mota ya kawaida (sehemu yenye koili isiyozunguka), ikate, inyooshe, uitandaze kilomita 30: ndiyo njia yenyewe. Chini ya njia kuna koili za awamu tatu, na sumaku zilezile zinazolibeba behewa ndizo zinazogeuka kuwa rota, ile sehemu ambayo kwenye mota ya kawaida huzunguka. Umeme ukipita kwenye koili, wimbi la sumaku linakimbia kwenye njia na treni inalifuata bega kwa bega. Kinachowashwa ni kipande cha njia ambacho treni ipo, vingine vimelala. Palipo na mlima wanaweka vifaa vyenye nguvu zaidi, kwa hiyo treni inapanda mwinamo wa asilimia 10 ambao gurudumu la chuma lingeteleza. Kwa mtu anayesuka stata za pampu za visima kila siku, kufikiria stata ya kilomita 30 ni kitu kinachonisisimua mwili.

Mzigo_wa_Yiwu (#7)

Mkuu umenigusa. Mimi nakwenda China kufuata bidhaa na hii treni nimeipanda. Nikushuhudieni.

Unaipandia hapohapo uwanja wa ndege wa Pudong. Tiketi yuan 50, ukionyesha tiketi ya ndege ya siku hiyo unalipa 40. Ndani ni behewa la kawaida tu, juu ya mlango kuna kibao kinachoonyesha mwendo kwa namba nyekundu. Inaanza taratibu bila mshtuko, hakuna ule mgongano wa mabehewa tuliouzoea. Namba zinapanda: 100, 200, 300. Watu wote simu juu, wanakipiga picha kibao. Ilipogonga 431 niliangalia nje, magari ya barabara kuu iliyo sambamba yalikuwa kama yamepaki. Kwenye kona inalala upande kama ndege. Halafu kuna wakati inapishana na ile inayotoka mjini: kishindo kimoja, dirisha linatikisika, mwenzake ameshapita hata hujamwona. Wasiojua walishtuka sana. Usitegemee kimya, upepo unavuma vizuri tu, na kuna kamtetemo. Dakika 7 au 8 mmefika, kilomita 30.

Ila sasa inakushusha Longyang Road, na mjini penyewe bado. Unabeba mabegi yako unashuka kwenye metro laini namba 2, ambayo nayo inatoka uwanja wa ndege uleule. Mwenye mizigo mingi kama mimi anapiga hesabu mara mbili. Na miaka ya karibuni wameishusha mpaka 300, ile 431 hawaiendeshi tena.

Mhasibu_Mstaafu (#8)

Fundi, nakupongeza kwa kazi, lakini mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu na nitasema upande wa pili. Wajerumani waliijaribu miongo minne, wakatumia fedha nyingi za walipakodi, na ndani ya nchi yao hawakujenga hata njia moja ya kudumu ya masafa marefu. Mradi wa Hamburg hadi Berlin, karibu kilomita 290, ulipitishwa miaka ya 1990, ukafutwa Februari 2000 kwa sababu gharama zilipanda na makadirio ya abiria yakashuka. Wa Munich kwenda uwanja wa ndege ukafutwa Machi 2008 baada ya bei kutoka euro bilioni 1.85 kuvuka bilioni 3. Hiyo Shanghai yenyewe iliwagharimu takriban dola bilioni 1.2 kwa kilomita 30. Teknolojia inayokataliwa na nchi iliyoizaa, mara mbili, ina tatizo. Tusimtazame mvumbuzi kwa huruma mpaka tukasahau mlipaji.

Fundi_Koili (#9)

Mzigo wa Yiwu, nakushukuru sana, huo ni ushahidi wa macho. Hiyo njia ilizinduliwa tarehe 31 Desemba 2002, Waziri Mkuu Zhu Rongji na Kansela Gerhard Schröder wakiwemo ndani, na ujenzi ulikuwa umeanza 2001 tu. Novemba 2003 ilifikishwa kilomita 501 kwa saa kwenye majaribio.

Mzee Mhasibu, shikamoo. Takwimu zako ni sahihi zote, na sitazikwepa. Ila hukumu yako naipinga kwa sehemu.

Kilichoiua Transrapid Ujerumani ni ICE, treni ya kasi ya magurudumu ya Wajerumani wenyewe. Treni ya ICE ilianza 1991. Inakwenda kasi kwenye reli mpya, ikifika mjini inaingia kwenye reli ya zamani, inasimama kituo kilekile cha katikati ya mji ambacho babu alikitumia. Transrapid haiwezi kufanya hivyo. Ili uifikishe katikati ya Berlin lazima ujenge njia yake yote, kuanzia mita ya kwanza hadi ya mwisho, na njia yenyewe ni mota. Kwa hiyo kila kilomita unanunua koili, chuma maalumu, nguzo za zege zilizopimwa kwa milimita. Kemper aliliondoa gurudumu, lakini mtandao wa reli wa miaka 150 uliojengwa kwa ajili ya gurudumu hilo haukutoka.

Hapo nakubaliana na wewe: kwa nchi iliyojaa reli nzuri, faida ya mwendo haikulipa gharama ya kuanza upya. Nisipokubali ni pale unaposema ina tatizo. Kama chombo, haikuwa na tatizo. Swali la Kemper lilikuwa "inawezekana?", na alilijibu kwa kilo 210 na wati 270. Swali la "nani atainunua?" halikuwa lake, na kwa maoni yangu wanasiasa ndio waliolichezea. Baada ya 1977 ilichukua miaka zaidi ya 15 kupata njia ya kwanza ya biashara ya kuipendekeza kwa dhati, na muda wote huo treni ya magurudumu haikulala. Mwaka 1934 gurudumu lilikuwa linasumbua karibu na kilomita 200 kwa saa. Mwaka 2007 TGV ya Ufaransa ilifika 574.8 kwa magurudumu ya chuma kwenye majaribio. Mpinzani aliyekuwa mbele ya Kemper kijana hakuwa yule waliyekutana naye warithi wake.

Mhasibu_Mstaafu (#10)

Marahaba. Hoja ya mtandao wa reli imenikaa. Kumbe sio bei ya treni, ni bei ya kutoweza kutumia kilichopo. Hapo tumekutana.

Nesi_Mwandamizi (#11)

Nimesoma kimya kimya muda wote. Naomba kuuliza kuhusu ile ajali, maana nakumbuka niliiona kwenye taarifa ya habari. Je, ndiyo iliyoifunga?

Fundi_Koili (#12)

Dada, uliyoiona ni ya tarehe 22 Septemba 2006, uwanja wa Emsland karibu na Lathen. Watu 23 walifariki. Mungu awarehemu.

Sumaku hazikufeli. Kila asubuhi kulikuwa na gari la matengenezo, lenye magurudumu, likipita juu ya njia kuisafisha kabla treni haijaanza. Siku ile gari lilikuwa bado liko juu ya njia, na chumba cha uongozaji kikairuhusu treni kuondoka ikiwa na wageni na wafanyakazi. Treni ililigonga ikiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Mfumo wa kompyuta uliokuwa unazuia treni mbili zisikutane haukulihesabu lile gari la usafi. Usalama wake uliachwa mikononi mwa watu na daftari. Baadaye baadhi ya wahusika walitiwa hatiani mahakamani.

Haikuifunga moja kwa moja, mradi wa Munich uliendelea kujadiliwa mwaka mmoja na nusu zaidi kabla ya kufutwa kwa gharama. Uwanja wenyewe ulifungwa mwishoni mwa 2011. Lakini ni wazi iliacha kovu. Treni ambayo kwa umbo lake haiwezi kuacha njia, kwa kuwa imeikumbatia, ikaua watu kwa kitu kilichosahaulika juu ya njia hiyohiyo. Mimi kwangu hilo ni kosa la usanifu wa kazi, na halipaswi kufichwa kwa sababu tu tunampenda mvumbuzi.

Kijana_wa_Chuo (#13)

Kaka Fundi, nipo mwaka wa tatu uhandisi wa mitambo. Kama treni imeikumbatia njia, inabadilishaje njia? Reli ya kawaida kuna zile ndimi zinazosogea. Hii inakuwaje?

Reli_Moja (#14)

Na mimi naongezea: kwa nini sisi tulipojenga SGR tusingeruka moja kwa moja kwenye hii? Dar hadi Dodoma mtu angetumia saa moja tu.

Fundi_Koili (#15)

Kijana, swali zuri sana. Njia panda ya Transrapid ni boriti moja ndefu ya chuma, kuanzia mita zipatazo 78 hadi karibu 150 kulingana na mwendo unaotakiwa. Mwisho mmoja umefungwa, sehemu nyingine imekalia vigari, na mitambo inaipinda boriti nzima taratibu mpaka ncha yake inakutana na njia ya pili, kisha inafungwa kwa kufuli. Chuma kinapindwa ndani ya uwezo wake wa kurudi, kwa hiyo kikiachiwa kinanyooka kilivyokuwa. Koili za mota zimo ndani ya boriti hiyo na zinapinda nayo. Ukienda kwenye hesabu za boriti unazosoma sasa hivi utaona ni somo lako kabisa.

Reli Moja, SGR yetu inakwenda kilomita 160 kwa saa na ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Lakini reli ya kati inajengwa kwa ajili ya mizigo pia: makontena ya bandarini kwenda bara na nchi jirani. Transrapid ni chombo cha abiria na vifurushi vyepesi, huwezi kuipakia madini na mafuta. Nchi yenye bandari inayolisha majirani inahitaji kwanza gurudumu linalobeba tani. Tuitake kasi, ndiyo, lakini kwa kazi ile chaguo lilikuwa sahihi.

Sharif_Kibokoni (#16)

La mwisho kwangu, bwana Fundi. Baada ya Emsland kufungwa, kazi ya Kemper imebaki wapi, au ni Shanghai peke yake?

Fundi_Koili (#17)

Imebaki sehemu nyingi, Sharif, ila kwa mwendo mdogo. Linimo ya karibu na Nagoya, Japani, ilianza 2005 na inaning'inia kwa sumaku za kuvuta. Wajapani hawahawa, kwenye treni yao kubwa wakafuata ukoo wa Powell na Danby, wakafika kilomita 603 kwa saa mwaka 2015, na kwenye treni ya mjini wakafuata wa Kemper. China kuna Changsha ya 2016, inayounganisha uwanja wa ndege na kituo cha treni za kasi, na laini ya S1 ya Beijing ya 2017. Korea Kusini waliweka ya kwao Incheon 2016. Hata Uingereza waliwahi kuwa na kigari cha mita 600 pale uwanja wa ndege wa Birmingham kuanzia 1984. Kiliondolewa 1995 kwa sababu vipuri vilikuwa havipatikani tena. Zote hizi zinapima mwanya na kusahihisha mkondo, maelfu ya mara kwa kila sekunde.

Kwa upande wa kasi, Julai 2021 CRRC, kampuni ya treni ya China, ilitoa Qingdao treni ya sumaku iliyosanifiwa kwa kilomita 600 kwa saa. Sumaku ziko chini ya njia, zinavuta kwenda juu, mwanya ni wa milimita. Kinachosubiriwa ni njia ndefu ya kuikimbizia, na hapo tunarudi kwenye mabishano yangu na mzee Mhasibu.

Kesho nitawawekea mchoro wa saketi ya kudhibiti mwanya kwa sumaku moja ndogo: koili, sensa ya sumaku, na transista moja ya nguvu. Vifaa vyote vinapatikana Kariakoo. Kijana wa Chuo, kama una muda njoo tuisuke pamoja, koili nitakupa mimi.